Kwa nini 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641

Kila ninapofundisha nadharia ya namba huirudia namba 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Wanaoshughulika na kompyuta wanamfahamu jirani yake, 4,294,967,296, ambayo ni idadi ya anwani zinazoweza kuandikwa kwa biti 32.

Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo kila moja hupatikana kwa kutoa 1 katika iliyotangulia, kutafuta mraba wa jibu, kisha kuongeza 1. Aliona zote ni namba tasa, akaamini kwamba zinazofuata zitakuwa hivyo hivyo. Inayofuata ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alionyesha kuwa si tasa, kwa sababu ni sawa na 641 × 6,700,417.

Kabla ya 641 kuna namba tasa 115, na anayezijaribu zote atachoka bure. Euler alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Sharti hilo linaziacha 193, 257, 449 na 577 peke yake, kisha 641.

Lakini ninachokipenda zaidi ni kwamba tunaweza kuthibitisha jambo hili bila kugawanya kabisa. Namba 641 ina sura mbili: ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, sura ya kwanza inasema kwamba 5 × 2⁷ ni sawa na −1 (kwa kuwa imepungua 1 tu kufikia 641), na tukiipandisha kwenye kipeo cha nne, alama ya kutoa inatoweka, hivyo 5⁴ × 2²⁸ inabakisha 1. Sura ya pili inaturuhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴. Basi −2³² inabakisha 1, na kwa hiyo 2³² + 1 haibakishi kitu.

Kuna ushahidi mwingine. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia zaidi ya moja, ilhali namba yetu ni 65,536² + 1² na pia 62,264² + 20,449². Chanzo cha njia hizo mbili ni vigawo vyenyewe, kwa kuwa 641 ni 25² + 4² na 6,700,417 ni 2,556² + 409². Zidisha 25 kwa 2,556, upate 63,900, na 4 kwa 409, upate 1,636: jumla yake ni 65,536 na tofauti yake 62,264. Kisha zidisha 25 kwa 409, upate 10,225, na 4 kwa 2,556, upate 10,224: tofauti yake ni 1 na jumla yake 20,449.