Nyumba ya Mji Mkongwe haianguki kwa uzee

Masika yakishika, ukuta mmoja Unguja mjini utalala chini, na kabla kifusi hakijazolewa mtu atasema: "Ah, imezeeka ile." Nimechoka kulisikia neno hilo. Wenye nyumba wanalisema, mafundi wanalisema, na wenye shahada wanaliandika kwenye ripoti kwa maneno marefu zaidi. Jiwe la matumbawe halizeeki kwa miaka 150, jamani.

Tazameni Forodhani. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake, Beit al Ajaib, jumba la sultani, ni jengo la mwaka 1883, mjukuu kabisa mbele ya ngome. Desemba 2020 lililoporomoka upande mmoja lilikuwa lipi? Najua mtasema mizani hii haiko sawa: ngome ni kuta nene zisizobeba orofa, Beit al Ajaib lina kumbi pana na nguzo za chuma. Basi ndiyo hayo hayo ninayosema. Uliza nyumba inabeba nini na maji yake yanapita wapi. Tarehe ya kuzaliwa iache.

Ukuta wetu wa kawaida una unene wa sentimita 50 au zaidi. Mawe makubwa uso wa nje, mawe makubwa uso wa ndani, na katikati vipande vidogo vilivyoshikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Wengi hudhani katikati ni chokaa tupu. Chokaa ilikula kuni nyingi tanuuni, nani angeimwaga ovyo mahali pasipoonekana? Maji yakiingia na yasipate pa kutokea, ule udongo unakuwa uji, unashuka, katikati panabaki tupu. Uso wa nje na wa ndani vinaachana, ukuta unatoa tumbo. Ukishaona tumbo, uzee hauhusiki. Tafuta maji.

Na maji kila kizazi kimeyapa njia yake. Mji huu haujawahi kutulia, kwa hiyo na wale wanaotaka "uhifadhiwe kama ulivyokuwa" wanipe kwanza mwaka. Karne ya 19 nyumba za mawe na za makuti zilikaa pamoja. Nyuma ya mji palikuwa na hori la maji ya bahari; likafukiwa, likabaki jina la Darajani bila daraja. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka kwa kawaida ni wa zamani kuliko ule wa upinde, uliokuja baadaye na mafundi wa Kihindi. Hata upana wa chumba una historia: boriti ya mkoko inafika mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba kama ushoroba.

Paa nalo lilikuwa dari bapa: boriti, mawe, chokaa iliyoshindiliwa, na milizamu ya kutoa maji nje. Dari hilo lilitaka fundi kila kiangazi. Nyufa zikizibwa kwa tabaka jipya juu ya la zamani, mwaka hadi mwaka, dari linanenepa mpaka boriti zinapinda. Waliokuja na mabati wakayaweka juu yake kwa mwinamo, na hapa nagombana na wapenda asili: mabati yaliziokoa nyumba nyingi. Kosa halikuwa bati. Kosa ni bati lisilo na mfereji, linalomwaga maji ya paa zima kwenye kichochoro cha hatua tatu, yakarukia ukuta wa jirani, naye jirani akafanya vivyo hivyo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa. Nyumba ya familia moja ikawa ya familia kadhaa, kila orofa na jiko lake. Siwalaumu waliohamia, walipewa vyumba, hawakupewa paa. Dari la wote halina mwenyewe. Nyumba zilizobaki mikononi mwa wenyewe zina mtihani mwingine, mirathi: kizazi cha tatu warithi ni ishirini, nusu wako Maskati na Dubai, na hakuna anayetaka kulipia bati analolala chini yake binamu.

Kisha ukaja utalii. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja pembeni, karibu na karo, sasa ni hoteli yenye vyumba kumi na bafu kumi. Bafu kumi ni mabomba ndani ya kuta zilizochimbwa, na kiungo kimoja kinachovuja taratibu nyuma ya vigae hakionekani mpaka boriti imeoza. Juu kabisa, simtangi la lita 1,000. Hiyo ni tani moja, bwana, imewekwa katikati ya dari kwa sababu "hapo ndipo palipokuwa na nafasi". Kama lazima likae juu, likae pembeni, mzigo ushuke moja kwa moja ukutani.

Sasa saruji, ndugu yangu. "Saruji ina nguvu zaidi." Ina nguvu, ndiyo. Nani alisema ukuta unataka nguvu? Ukuta unataka kupumua. Ule wa chokaa hunywa maji chini na kuyatoa usoni. Ukiupiga plasta ya saruji mpaka mita moja na nusu, unyevu hauondoki, unapanda tu, ukatokea juu ya plasta na chumvi yake. Mwenye nyumba anaona madoa yamehama, anaongeza plasta mpaka mita mbili na nusu. Mwaka unaofuata madoa yako dari, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza gizani. Halafu anasema nyumba imezeeka.

Na msinidanganye na ile "saruji kidogo tu kwenye chokaa, ikamate haraka". Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mbaya zaidi: haitoshi kushika, inatosha kuziba. Ila nakiri wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaoitumia, kwa kuwa mvua haimsubiri fundi, nami sina jibu la kuwanyamazisha.

Kuna jambo jingine tunalolisema kwa kujiamini kuliko tunavyostahili: kwamba sakafu ya zege, ikiwekwa badala ya ile ya boriti na mawe, ni nzito mno kwa kuta hizi. Hebu tupige hesabu. Zege la sentimita 15 ni kama kilo 360 kwa mita ya mraba. Sakafu ya zamani ya mawe na chokaa ya sentimita 30 huenda ikapita kilo 500. Kwa hiyo uzito wenyewe si hoja. Ubaya uko kwenye ule mkato unaochimbwa ukutani mzunguko mzima ili zege likae, kwenye nondo zinazoshika kutu kwa hewa ya chumvi na kupasua zege, na kwenye ugumu wake: ukuta ukitikisika kidogo, boriti hufuata, zege hukataa.

Anayetaka kutengeneza aanze juu, ashuke. Bati na mfereji kwanza, kisha mabomba, ukuta mwisho. Bandua saruji yote, uuache ukuta wazi kiangazi kizima. Hapa ndipo wengi hushindwa, wanaona aibu nyumba kukaa uchi. Chokaa izimwe kwa maji na kulazwa miezi, si siku mbili. Changanya moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio wa pwani. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita moja, funika kwa magunia mabichi, subiri siku kadhaa kabla ya tabaka la pili. Ikikauka juani itapasuka vipande kama tope la jaruba.

Boriti ichomwe kwa bisibisi pale inapoingia ukutani, kamwe si katikati. Katikati huwa nzima hata kama mwisho wake umekuwa unga. Bisibisi ikizama, weka nguzo chini yake siku hiyo hiyo, ndipo uende kumtafuta fundi.