Nakala rudufu za zamani: ipi ifutwe, ipi ibaki

Nakala rudufu, ambayo wengi tumezoea kuiita bekapu, ni nakala ya pili ya kitu ambacho bado unacho mahali pengine. Maana yote imo kwenye neno rudufu: kurudufu ni kukifanya kitu kiwe maradufu. Zikiwepo nakala mbili, moja ikiharibika unabaki na nyingine. Ikibaki moja tu, hata kama imo kwenye diski ya nje iliyobandikwa karatasi yenye neno BEKAPU kwa wino mwekundu, hapo urudufu haupo tena. Hiyo ndiyo kazi yako yenyewe, na iko peke yake.

Suala hili huibuka diski inapojaa. Kompyuta inakataa kuhifadhi, inadai nafasi haitoshi, nawe ukifungua diski unakuta safu ya folda: Bekapu, Bekapu mpya, Bekapu mpya 2, Laptopu ya zamani, Bekapu Desemba. Mkono unakwenda wenyewe kwenye folda kongwe kuliko zote, kwa hoja kwamba ya zamani imeshapitwa na mpya. Lakini umri wa nakala hautoshi kukuonyesha thamani yake. Cha kujiuliza ni kama vilivyomo humo vipo kwingine pia.

Tuseme mwenye folda hizo aliishiwa nafasi kwenye laptopu miaka minne iliyopita. Akahamishia picha zote kwenye diski ya nje, ndani ya folda ya Bekapu, kisha akazifuta kwenye laptopu. Tangu siku hiyo kila bekapu mpya inachukua yaliyomo kwenye laptopu, na picha hazimo. Folda nne zilizofuata ni mpya kweli, ila hakuna hata moja iliyobeba picha hizo. Akiifuta ile kongwe leo, amefuta nakala pekee iliyopo duniani, huku akiamini anasafisha takataka. Sijui njia ya kawaida zaidi ya hii ya watu kupoteza kumbukumbu zao, na inauma zaidi kwa kuwa mhusika alikuwa mwangalifu: alinunua diski, akahifadhi, akaandika jina.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Rudufu ni pacha wa kitu kinachoendelea kutumika, na pacha huyo hubadilishwa kila baada ya muda. Hifadhi ya kudumu ni mahali pa vitu ulivyokwisha kuviondoa kwenye kompyuta ila bado unavitaka. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye diski ya nje, lakini kanuni zake ni tofauti: rudufu ya zamani inaweza kufutwa, ilhali hifadhi ya kudumu yenyewe inahitaji kurudufiwa.

Kuna mtego wa pili, nao unatokana na namna programu zinavyotengeneza nakala. Nakala kamili hubeba kila kitu. Nakala ya nyongeza hubeba tu yale yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia. Mathalani, Jumapili programu inaweka nakala kamili ya GB 200. Jumatatu inaongeza GB 2, Jumanne GB 1, Jumatano GB 3. Ukitaka kuirudisha kompyuta ilivyokuwa Jumatano, programu itaanza na ile ya Jumapili, iweke juu yake ya Jumatatu, ya Jumanne, halafu ya Jumatano. Ni mnyororo. Sasa mtu anatafuta nafasi, anaona faili la Jumapili limekalia GB 200 peke yake, tena ndilo la zamani kuliko yote. Analifuta. Yaliyobaki bado yanaonekana kwenye diski, majina na tarehe zipo, lakini ni vipande visivyo na cha kushikia. Kukata pingili ya katikati nako ni hasara: ukiifuta ya Jumanne, ya Jumatano haina maana tena.

Aina ya tatu, nakala ya tofauti, hubeba kila siku mabadiliko yote tangu nakala kamili ya mwisho. Inahitaji vipande viwili tu wakati wa kurejesha, ila inanenepa kila siku mpaka nakala kamili nyingine itengenezwe.

Kisha kuna programu ambazo folda zake zinadanganya macho. Time Machine, ambayo Apple waliileta mwaka 2007 pamoja na Mac OS X Leopard, ilikuwa inaweka folda kwa kila bekapu, na kila folda ukiifungua unaiona nzima: nyaraka zote, picha zote. Ukijumlisha ukubwa wa folda hizo unaweza kupata mara kumi ya uwezo wa diski yenyewe. Siri yake ni viungo. Faili ambalo halijabadilika halinakiliwi upya, linapewa jina jingine tu linaloelekea kwenye data ileile. Ni kama mtoto mwenye jina la nyumbani, jina la shuleni na jina la utani. Ukiacha kutumia jina moja, mtoto bado yupo. Ndiyo maana unaweza kufuta folda inayoonekana kuwa na GB 300, kisha ukapata nafasi ya GB 2 pekee: data inaondoka pale tu jina lake la mwisho linapofutwa. Tangu macOS Big Sur ya mwaka 2020, diski mpya za Time Machine hutumia APFS, mfumo wa Apple wa kupanga faili kwenye diski, ambamo kila bekapu ni picha ya hali ya diski kwa wakati fulani, lakini kushirikiana data ni kulekule.

Kwa sababu hizo mbili, mnyororo na viungo, nakala zilizotengenezwa na programu zifutwe kupitia programu ileile. Inajua ipi inategemea ipi, wewe unaona folda tu. Time Machine hujipunguza yenyewe: huweka za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, za kila wiki kwa miezi ya nyuma zaidi, na diski ikijaa huondoa kongwe. Upande wa Windows, File History iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012 hunakili kila saa na, usipobadilisha mpangilio, huweka matoleo yote milele. Wengi huona diski imejaa na hawajui kwamba ndani ya mipangilio kuna amri ya kusafisha matoleo ya zamani.

Mtindo huo wa kubakisha nyingi za karibu na chache za mbali si mgeni. Tangu enzi za kanda za sumaku mafundi wa kompyuta wamekuwa wakiuita babu, baba na mwana. Mwana ni nakala ya kila siku, baba ni ya wiki, babu ni ya mwezi. Wana wanabadilishwa haraka, babu anatunzwa. Na babu anatunzwa kwa sababu uharibifu mwingi hugunduliwa umechelewa. Jedwali la hesabu linaharibika Januari bila kutoa ishara, unalifungua Aprili. Nakala zote za tangu Januari zimebeba faili lilelile bovu kwa uaminifu kabisa, na ya Desemba ndiyo pekee yenye uzima. Ningependa mtu awe na nakala tatu zilizoachana miezi kuliko thelathini za mwezi mmoja.

Diski yenyewe ichomolewe kazi ikiisha. Programu haribifu zinazofunga faili na kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga pia faili za diski iliyochomekwa wakati huo.

Folda kama WindowsImageBackup inastahili neno lake. Hiyo ni taswira ya kompyuta nzima, pamoja na mfumo endeshi. Kama kompyuta hiyo ilishakufa au ilishauzwa, taswira haina pa kurudi, thamani iliyobaki ni faili zako tu zilizomo. Ndani yake kuna faili kubwa lenye mwisho wa VHD au VHDX, na Windows inaweza kulipachika na kulifungua kana kwamba ni diski nyingine. Toa nyaraka na picha, ziweke kwenye folda ya kawaida, na taswira iliyobaki inaweza kuondoka.

Turudi kwa yule mwenye picha. Kabla ya kufuta chochote, anazitoa picha ndani ya folda ya Bekapu na kuziweka kwenye folda yenye jina la wazi, Picha za 2015 hadi 2021. Ananakili folda hiyo kwenye diski ya pili, ikae nyumba nyingine kama inawezekana. Analinganisha idadi ya faili pande zote mbili. Halafu anafungua picha kadhaa kwenye diski ya pili, za mwanzo, za katikati na za mwisho, aone sura zenyewe na si majina ya faili tu, maana faili linaweza kuwa na jina na tarehe huku ndani likiwa tupu. Hesabu zikilingana na picha zikifunguka, anarudi kwenye folda ya Bekapu, anahakikisha hakuna kingine ndani yake cha pekee, kisha anaifuta.