Makaburi ya Wapolandi Tengeru: yanayosemwa na yaliyoandikwa kwenye mawe

Anayetoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi hufika Tengeru kabla hajamaliza kilomita kumi na tano, na akikata kuelekea upande wa chuo cha mifugo atakuta eneo tulivu lililozungushiwa ukuta, lenye makaburi takriban 150 yaliyopangwa kwa safu. Nimekulia karibu na ukuta huo. Utoto wangu wote niliamini niliyoambiwa juu ya watu waliolala ndani yake, na nilipoingia kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima niligundua kwamba karibu yote hayakuwa sahihi.

Tuliambiwa kuwa ni makaburi ya Wajerumani. Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka, kwa kuwa Wajerumani walitawala nchi hii hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa wazee wengi Mzungu wa zamani ambaye si Mwingereza hakuwa na jina lingine. Dhana hiyo huzaa nyingine iliyo mbaya zaidi, kwamba palipo na kaburi la Mjerumani hapakosi mali iliyofichwa. Ukweli ni kwamba waliozikwa hapa ni Wapolandi, watu ambao nchi yao ilivamiwa na jeshi la Ujerumani tarehe 1 Septemba 1939, na waliletwa Tanganyika wakiwa wakimbizi wasio na mali ya kufukia.

Hata hivyo, si sahihi pia kusema kwa mkato kwamba walimkimbia Hitler, kama wasemavyo baadhi ya watu waliosoma kidogo historia hii. Tarehe 17 Septemba 1939 jeshi la Muungano wa Kisovieti liliingia Polandi kutoka mashariki, na ni kutoka upande huo ndiko walikotoka wengi wa watu wa Tengeru. Kati ya Februari 1940 na Juni 1941 familia nzima nzima zilitolewa majumbani mwao, zikapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, Kazakistani na kwingineko, ambako zililazimishwa kukata magogo na kufanya kazi katika mashamba ya serikali kwa chakula kisichotosha. Waliachiwa tu baada ya Ujerumani kuwageuka Wasovieti, pale serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London ilipotia saini mkataba na Moscow tarehe 30 Julai 1941. Mwaka uliofuata walivuka Bahari ya Kaspi kuingia Irani pamoja na jeshi la Wapolandi lililoongozwa na Jenerali Władysław Anders. Jeshi liliendelea na vita, nao raia wakagawanywa kwenda India, Meksiko, Nyuzilandi na Afrika.

Hapo ndipo inapoanguka dhana nyingine, kwamba haya ni makaburi ya wanajeshi au ya mateka wa vita. Nadhani watu huwachanganya Wapolandi na mateka wa Kiitaliano waliokamatwa Ethiopia, wale waliojenga kikanisa kidogo cha Mai Mahiu nchini Kenya mwaka 1942. Kambi ya Tengeru ilikuwa ya wanawake na watoto, wengi wao wakiwa wajane na yatima, kwa sababu wanaume wenye nguvu walikuwa jeshini au walikwisha kufa. Ilikuwa kubwa kuliko kambi zote za Wapolandi barani Afrika, ikiwa na watu wapatao 5,000 walioishi katika nyumba ndogo za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, huku wakiwa na shule, hospitali, kanisa na shamba lao. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na nchini Uganda zilikuwapo Koja na Masindi, ambako kanisa walilolijenga lingali likitumika.

Anayetaka kuthibitisha haya hana haja ya kwenda kwenye maktaba, mradi ajue kuyasoma mawe. Herufi mbili za mwanzo, „Ś.P.”, ambazo niliwahi kuelezwa kuwa ni cheo cha kijeshi, ni ufupisho wa maneno ya Kipolandi yanayomaanisha „wa kumbukumbu takatifu”, sawa na sisi tunavyosema „marehemu”. „Ur.” ni kuzaliwa na „zm.” ni kufariki. Palipoandikwa „żył lat” au „żyła lat” ikifuatiwa na tarakimu, huo ni umri, yaani aliishi miaka kadhaa, na neno hubadilika kwa sababu la kwanza ni la mwanamume na la pili ni la mwanamke. Mabadiliko kama hayo hugusa hata majina ya ukoo. Kwa desturi yao mume akiitwa Kowalski mke na binti huitwa Kowalska, kwa hiyo anayehesabu koo kwa kufuata herufi za mwisho atazigawa familia moja moja mara mbili. Misalaba nayo husema jambo, maana wengi walikuwa Wakatoliki lakini wamo Waorthodoksi, ambao msalaba wao una vipande vitatu vya kukingama, na wamo Wayahudi pia. Maneno „Zdrowaś Maryjo” ni „Salamu Maria”, na marehemu anayaomba kwa kila apitaye, ombi ambalo Mkatoliki wa Tengeru anaweza kulitimiza kwa Kiswahili bila kuhitaji mkalimani.

Kuhusu ardhi ni lazima kusema kwa uangalifu, kwa sababu Wameru, wenyeji wa eneo hili, wana uchungu wa haki katika suala hilo. Wako wanaodhani kwamba Wameru walifukuzwa ili Wapolandi wakae. Uhamisho ule wa Wameru uliomfanya mwakilishi wao, Kirilo Japhet, kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 ulihusu Engare Nanyuki, ulitekelezwa mwishoni mwa mwaka 1951 kwa ajili ya ranchi za walowezi wa Kizungu, na wakati huo Wapolandi wengi walikwisha kuondoka. Kambi yenyewe ilifungwa mwaka 1952. Wakimbizi hawakuletwa kuwa walowezi, wala Waingereza hawakutaka wabaki, na ni wachache tu walioruhusiwa.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kwa nini hawakurudi kwao vita vilipokwisha mwaka 1945, na mara nyingi muulizaji amekwisha kujijibu kwamba waliipenda hali ya hewa ya Meru. Jibu liko katika mkutano wa Yalta, ambako mwezi Februari mwaka huo Marekani, Uingereza na Wasovieti walikubaliana kwamba mashariki ya Polandi iwe ya Wasovieti. Vijiji vya watu hawa viko leo Ukraine, Belarus na Lithuania. Aliyerudi Polandi alirudi katika nchi iliyokuwa chini ya watu walewale waliompeleka Siberia, na katika mji ambao si wake, ndiyo maana wengi walichagua Uingereza, Kanada au Australia.

Lililobaki ni dogo. Husemwa kwamba makaburi haya yametelekezwa na kwamba hakuna tena wa kuyalilia. Yana mtunzaji, na kila Novemba mosi, siku ambayo Wapolandi kokote walipo huenda makaburini, mishumaa huwashwa pia kwa ajili ya hawa wa Tengeru. Tena si wote waliolala humo walikufa wakati wa kambi. Kuna aliyebaki, akaishi hapa hadi uzeeni kama mkazi mwingine yeyote, akazikwa kando ya wenzake miongo mingi baada ya kambi kufungwa.