Anayekuletea mteja amekukopesha jina lake

Kila mwaka maonesho ya biashara ya Sabasaba yakishafungwa, dawati letu la ushauri wa biashara hupata wageni wa aina moja. Wanakuja sauti zimekauka kwa siku 16 za kuita wateja pale Uwanja wa Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na simu zao zimejaa namba. Mama mmoja msindikaji wa viungo alinifungulia simu yake nione. "Sabasaba Pilau." "Sabasaba Kaka Mrefu." "Sabasaba Hoteli." Halafu "Sabasaba Hoteli 2." Nikamuuliza huyu wa Hoteli 2 ni hoteli ipi, iko mkoa gani, na alitaka nini hasa. Akacheka, kisha akanyamaza. Alikuwa amelipia banda, vipeperushi, nauli na chakula cha wasaidizi wawili, akarudi na namba ambazo hawezi kuzipigia bila kuanza na "samahani, hivi naongea na nani?"

Simcheki. Wengi wetu tunapima koneksheni kwa wingi wa namba, na namba ya mtu asiyekukumbuka haina tofauti na ile iliyoandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa stendi. Dawa yake ni nyepesi: kabla mtu hajaondoka bandani, andika mbele yake jina, anakotoka, anachotaka na lini umtafute. Dakika moja inatosha. Na mtafute ndani ya siku tatu, kabla hujafutika kichwani mwake.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ninayotaka tuizungumze ni pale mtu mwingine anapokutafutia mteja wewe ukiwa hupo.

Mtu akimwambia jirani yake "nenda kwa fulani, mwambie nimekutuma mimi," ameweka jina lake rehani. Ukiharibu, lawama zinaanzia kwake. Wewe umeshalipwa na kuondoka, yeye bado anakutana na jirani yule msikitini, kanisani, kwenye kikao cha wazazi, na kila akipita pale kibarazani anakumbushwa ule mlango usiofunga. Ndiyo maana watu wengi wanaokupenda kwa dhati hawakuletei mteja hata mmoja. Hawana chuki na wewe. Wanaogopa.

Winga wa Kariakoo haogopi, kwa sababu hajaweka kitu rehani. Anamshika mgeni mkono, anampeleka dukani, anapata cha juu chake, biashara imeisha, na kesho hawakumbukani. Sina ugomvi na mawinga. Wanajua maduka kuliko wenye maduka. Ila mteja wa winga hakuja kwako kwa kukuamini. Mteja aliyeelekezwa na mtu anayemheshimu anafika akiwa ameshaamini nusu ya maneno yako kabla hujafungua mdomo.

Basi swali la kujiuliza kila siku ni hili: nimewapa watu sababu gani ya kutoogopa kunitaja?

Watu hawasubiri kuona bidhaa yako ndipo wakupime. Angalia kamati ya harusi. Humo ndani kuna mpishi, mwenye turubai, mwalimu, afisa wa benki, fundi wa magari, na kwa wiki nane au kumi wanaonana kila Jumapili jioni. Anayeahidi mchango na kuutoa kwa tarehe aliyosema anajulikana. Anayekabidhiwa kutafuta ukumbi akarudi na bei tatu zimeandikwa kwenye karatasi anajulikana. Na yule anayefika saa moja baadaye, akala, akatoa hotuba, naye anajulikana vizuri sana. Hakuna aliyesema "tunafanya usaili," lakini mwenye kampuni aliyekaa kimya kwenye kona atakapohitaji mtu wa kumwamini na mzigo wake, ameshajua atamwita nani.

Rotary, ile klabu ya wafanyabiashara na wanataaluma, ilianza kwa namna inayofanana na hiyo. Mwaka 1905 huko Chicago, mwanasheria Paul Harris aliwakusanya wenzake watatu wenye shughuli tofauti, wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Jina lenyewe limetokana na huko kuzunguka. Leo tunaijua zaidi kwa kazi za kijamii kama vita dhidi ya polio, lakini mwanzoni ilikuwa pia njia ya wafanyabiashara kufahamiana na kupeana kazi. Miaka 80 baadaye, mwaka 1985, Ivan Misner alianzisha BNI, pia Marekani, mtandao wa wafanyabiashara wanaoelekezana wateja, ambamo kila kundi linapokea mtu mmoja tu kwa kila taaluma ili wasigombanie wateja, na wanakutana kwa ratiba. Kujiunga kunalipiwa, na si kila biashara inaufidia mchango huo. Kwa fundi anayeanza, mimi ningeazima tu ile zamu. Mafundi na wauza vifaa sita wa mtaa mmoja wakitembeleana mara moja kwa mwezi, kila mmoja anaona kwa macho mashine ya mwenzake, usafi wa karakana yake na kazi iliyo mezani siku hiyo. Mtu aliyeona hawezi kukutaja kwa kubabaika.

Jambo la pili linalowashinda wengi ni kuomba. Wanasema, "Kaka, niletee wateja." Kaka anaitikia, na moyo wake ni mweupe, ila akilini mwake hakuna sura ya mtu yeyote iliyokuja. Sasa jaribu hivi: "Ukisikia shule binafsi inatafuta mtu wa kushona sare, kuanzia jozi 50, nitaje." Hapo hapo atamkumbuka shemeji yake aliye mhasibu wa shule. Ombi likiwa jembamba, linapenya.

Na usiwaombe marafiki wa karibu peke yao. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliwahoji watu waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, Massachusetts, na mwaka 1973 akachapisha alichokuta kwa wale walioipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Karibu asilimia 17 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walionana naye mara mojamoja, na asilimia 28 kwa nadra sana. Ukifikiri kidogo, utaona sababu. Rafiki mnayekunywa naye kahawa kila jioni anasikia habari zile zile unazozisikia wewe. Mliyesoma naye VETA akahamia Kahama anasikia mengine kabisa. Mtumie salamu hata kama huna shida. Hasa kama huna shida.

Unapopewa jina, usipige simu kama mtu anayedai. Ujumbe mmoja mfupi unafungua njia: "Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa makabati ya jikoni, nimeelekezwa kwako na Mwalimu wa Tabata aliyesema unajenga. Naomba kujua saa ngapi ni nzuri nikupigie. Asante." Umejitambulisha, umetaja aliyekutuma, umemwachia nafasi ya kuchagua. Picha 20 za makabati zisubiri aziombe.

Upande wa pili, ukiwa wewe ndiye unayeelekeza, muulize mwenye namba kwanza kabla hujaigawa. Mbali na kuwa ni adabu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na namba ya simu ni taarifa binafsi. Kuichukua orodha nzima ya wageni wa banda lako na kumgawia mwenzako wa banda la jirani si ukarimu.

Sasa cha juu. Hapa huwa naulizwa kwa sauti ya chini. Muuza vifaa kumpa fundi kitu kidogo kwa kumletea mteja ni jambo la kawaida sokoni, na mkiliweka wazi halina tatizo. Tatizo linakuja mteja anapouziwa bati la geji nyembamba kwa bei ya nene ili kile kitu kidogo kipatikane. Siku akigundua, amewapoteza wote wawili, na mtaa mzima utasikia. Lipo kubwa zaidi ya hilo: ukimpa "asante" afisa manunuzi wa kampuni ili akupitishie kazi ya mwajiri wake, hiyo ni rushwa hata kama kampuni ni ya mtu binafsi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikuishia kwa watumishi wa umma. Nimeona vijana wazuri wakiingia humo kwa kudhani wanajenga mahusiano.

Kinachobaki ni daftari. Kwenye kila risiti au oda, ongeza mstari mmoja: mteja huyu ametokea wapi? Muulize tu, watu hupenda kusema. Baada ya miezi mitatu kaa chini usome.

Fundi mmoja wa milango ya aluminiamu alilifanya zoezi hili nami. Alikuwa amekuja kuomba ushauri wa kuchapa vipeperushi zaidi. Tulipopitia oda zake 11, vipeperushi vilikuwa vimeleta moja. Saba zilitoka kwa watu wawili: mteja wake wa zamani, na mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye kona ya barabara. Nyingi zilikuwa za mwanzo wa kipindi. Kadiri kurasa zilivyosogea, jina la mzee lilizidi kuadimika. Nikamuuliza, kazi ya mwisho uliyoletewa na mzee, ulirudi kumwambia imekwendaje? Hakuwa amerudi. Hata moja.

Nikamwambia aende, asipeleke bahasha, apeleke habari. Alikwenda Jumamosi na soda mbili baridi, akamweleza mzee kwamba yule mama wa Goba mlango wake umekwisha na amefurahi, na wale ndugu wawili nao wamemaliza. Mzee akaweka chupa chini. "Kumbe walifika?" akasema. "Mimi nilijua hawafiki kwako, kijana wangu. Mwezi wa pili huu nawapeleka kwa yule wa ng'ambo ya barabara."