Je, akili mnemba huelewa kanzidata bila maelezo?

Miongoni mwa watengenezaji wa mifumo hapa Kigoma kuna imani ya siku nyingi: ukimuunganisha wakala wa akili mnemba (programu inayojibu maswali na kufanya kazi kwa niaba yako) na kanzidata, ataelewa majedwali mwenyewe. Imani hiyo ina msingi, maana majina kama "mteja" au "bei" huyaotea vizuri.

Ila chukua jedwali la mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi. Safu ya "uzito" ina 40. Kilo au magunia? Wabichi au wakavu? "Hali" ina 1, 2 na 3. Karani anajua 3 ni deni, wakala hajui. Wala halalamiki: anakupa jumla safi kabisa, isiyo kweli. Kwa kawaida haoni msimbo wa zana, yaani programu ndogo anayoitumia kuisoma kanzidata. Husoma jina la zana hiyo, maelezo yake na vigezo inavyopokea, basi.

Kwenye PostgreSQL, mojawapo ya programu za kanzidata, amri ya COMMENT ON huhifadhi maelezo ndani ya kanzidata yenyewe, mradi zana yako iyatoe pamoja na majina ya safu. Andika kipimo na maana ya kila namba.

Kuhakiki ni rahisi: muulize jumla ya wiki uliyokwisha kuihesabu daftarini, kabla na baada ya kuandika maelezo. Mimi huanza na madeni.