Aos sí ni akina nani?

Ukianza kusoma hadithi za Ayalandi, hutafika mbali kabla ya kukutana na aos sí (hutamkwa "iis shii"), watu wa vilima. Katuni zimetuzoesha vijitu vyenye mabawa ya kipepeo vinavyorukaruka juu ya maua. Sahau hayo. Kwa Waayalandi wa mashambani, aos sí walikuwa majirani. Wana ng'ombe wao, harusi zao na ugomvi wao, na wanaishi chini ya ardhi ileile ambayo binadamu anailima kwa juu.

Walifikaje huko chini? Masimulizi ya kale, ambayo mengine yalikusanywa katika karne ya 11, yanasema kisiwa hicho kiliwahi kutawaliwa na Tuatha Dé Danann, watu wenye uganga mwingi. Wakaja wana wa Míl kutoka Hispania, ambao masimulizi huwahesabu kuwa mababu wa Waayalandi, wakawashinda vitani. Walioshindwa hawakufukuzwa. Walipewa upande wa chini ya ardhi, na mkuu wao, Dagda, akawagawia vilima vya kuishi. Kilima maarufu kuliko vyote ni Newgrange, katika bonde la mto Boyne. Wataalamu wa mambo ya kale wanajua kuwa ni kaburi lililojengwa mnamo 3200 KK, ambalo jua la asubuhi huingia hadi chumba cha ndani katika siku zilizo fupi kuliko zote za Desemba. Msimulizi wa zamani alijua tu kwamba ni nyumba ya Dagda, na baadaye ya mwanawe Aengus.

Bean sí, mwanamke anayelia usiku kutangaza kifo katika koo fulani za kale, ni mmoja wa aos sí. Leprechaun, fundi viatu mwenye dhahabu iliyofichwa, naye huhesabiwa humo, ingawa biashara ya utalii imemfanya kichekesho.

Imani hii inaonekana wazi zaidi kwenye mabaki ya maboma ya duara, yanayoitwa ráth au lios. Yamezungukwa na matuta ya udongo, na inakadiriwa kuwa yapo zaidi ya 40,000. Kihistoria yalikuwa makazi ya wakulima, hasa kati ya mwaka 500 na 1000. Wenyewe walipohama na kusahauliwa, watu waliokuja baadaye wakasema maboma hayo ni ya aos sí: usiyalime, usikate mti ndani yake. Mti wa miiba wenye maua meupe ya mwezi Mei, ukiwa peke yake katikati ya shamba, nao hauguswi. Kulikuwa pia na adabu za kila siku. Kabla ya kumwaga maji machafu nje usiku, unawatahadharisha wapitao. Kabla ya kujenga nyumba, unaweka alama kwenye pembe za kiwanja. Ukikuta asubuhi zimeng'olewa, basi umeziba njia yao, tafuta kwingine. Na ukiwataja, waite "watu wema", maana huenda wanasikia.

Kwa maoni yangu, hofu hiyo imehifadhi mambo ya kale vizuri kuliko sheria yoyote. Sheria ya taifa ya kulinda majengo ya kale ilitungwa mwaka 1930. Maboma yalikuwa yamelindwa na woga kwa karne nyingi kabla yake.

Lakini woga huohuo uliua. Iliaminika kwamba aos sí huiba watoto na wanawake vijana, wakaacha mahali pao kiumbe kinachofanana nao, dhaifu na mgonjwa. Machi 1895, huko Ballyvadlea katika kaunti ya Tipperary, Bridget Cleary aliugua. Mumewe, Michael, akashikilia kwamba huyo si mke wake. Akamlazimisha kunywa dawa za mitishamba, akamtesa kwa moto, na mwisho akamchoma. Baadaye alikwenda kukesha kwenye boma la jirani, akitarajia mke wa kweli atatokea juu ya farasi mweupe. Mahakama ilimhukumu miaka 20 kwa kuua bila kukusudia. Mtu anayesimulia aos sí kama burudani tupu aikumbuke kesi hiyo.

Usidhani yote haya yaliishia karne ya 19. Mwaka 1999, barabara mpya ilipopimwa huko Latoon katika kaunti ya Clare, mti mmoja wa miiba ulikuwa njiani. Msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan akapinga hadharani: hapo, alisema, ndipo aos sí wa Munster, jimbo la kusini, hukusanyika wakienda kupigana na wale wa Connacht, jimbo la magharibi. Ramani ikarekebishwa, mti ukabaki. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana alikata matawi yake, lakini ulichipua tena.

Mwaka 2017, sehemu ya barabara ya N22 katika kaunti ya Kerry ilipodidimia tena baada ya kutengenezwa, mbunge Danny Healy-Rae alisema eneo hilo lina maboma na kuna kitu pale. Halmashauri ilieleza kwamba tatizo ni udongo ulio chini ya barabara. Healy-Rae, ambaye familia yake ina biashara ya kukodisha mashine za ujenzi, alijibu kwamba angekuwa tayari kufa njaa kuliko kugusa boma la namna hiyo.