Kutoa thamostati si dawa ya gari kuchemsha

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema gari la spoti la zamani likichemsha, toa thamostati, yaani valvu ndogo inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini kwenda kwenye rejeta. Si kweli, na tafadhali tuache kuusambaza. Kama imekwama ikiwa imefungwa, kuitoa huleta nafuu, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Dawa ni kuweka nyingine. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto, hula mafuta na kusagika mapema. Rejeta iliyoziba, feni bovu au mfuniko wa rejeta usioshika presha hubaki vilevile.

Ipime jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uyachemshe taratibu. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Mara nyingi namba ya nyuzi hizo imegongwa kwenye chuma chake. Maji yakitokota nayo bado imefunga, imekufa.